Yule Mnene wa Jicho la Usingizi

Kibanda cha video tulichokuwa tukienda Kirumba, Mwanza, miaka ya tisini, kilikuwa na mabenchi sita ya mbao, runinga moja na pazia la gunia mlangoni, la kuzuia mwanga na kuwazuia wasiolipa. Kiingilio shilingi 50. Upepo ukitoka ziwani uliingia na harufu ya dagaa wa Mwaloni. Mwenye kibanda alisimama kando ya deki akitueleza kinachosemwa, maana Kiingereza kilikuwa bado hakijatufikia. Katika sinema tulijua watu wa aina mbili tu: staringi na adui. Staringi hafi. Adui anakufa mwishoni, na akifa mapema, hela yako imeliwa.

Kanda iliyochezwa kuliko zote ilikuwa Bloodsport. Van Damme ndiye staringi, Bolo Yeung ndiye adui, na hakukuwa na mtoto wa Kirumba asiyejua kila teke lilipokaa. Ndani ya filamu ile wamo maofisa wawili wa Kimarekani wanaotumwa Hong Kong kumrudisha Van Damme. Mmoja wao ni kijana mweusi, mnene, mpole wa sura, kope la jicho lake la kushoto limeshuka kama la mtu aliyeamshwa saa kumi za usiku. Wakitokea hao wawili, watu walitoka nje kujisaidia. Mwenye kibanda hakupoteza pumzi kuwatafsiria. "Huyo mnene wa jicho la usingizi ni polisi tu," alisema, basi.

Mimi nilibaki nikimtazama. Sikuwa na sababu ninayoweza kuitaja. Pengine ni kwa kuwa wengine wote katika ile filamu walikuwa wanangoja zamu yao ya kupiga au kusema, na yeye peke yake alikuwa anasikiliza.

Jina lake ni Forest Whitaker. Ilinichukua miaka mingi kulijua, na mingine zaidi kujua kwamba Bloodsport ilitoka mwaka 1988, na kwamba Mei ya mwaka huohuo, katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mtu huyuhuyu tuliyekuwa tukimwacha na kutoka nje alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Alikuwa na miaka 26.

Tuzo ile aliipata kwa filamu ya Bird, iliyoongozwa na Clint Eastwood, ambamo yeye ni Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi aliyekufa mwaka 1955 akiwa na miaka 34, mwili umeliwa na heroini na pombe. Sauti ya saksafoni unayoisikia ni ya Parker mwenyewe: mafundi walichukua rekodi zake za zamani, wakaitenga ala yake na nyingine zote, wakawaita wanamuziki wapya kupiga nyuma yake. Ilibidi basi Whitaker apumue mahali Parker alipopumua, na vidole viguse vitufe kwa wakati uleule, maana anayejua ala angeugundua uongo mara moja. Alijifunza saksafoni. Alijifungia chumbani na kitanda, kochi na saksafoni, akakaa humo na huyo mtu. Ukimtazama akipiga, usiangalie vidole, angalia mabega: yanapanda kabla ya sauti kutoka, kama ya mtu anayejiandaa kuzama majini.

Nadhani mabega hayo aliyapata kwenye kuimba. Whitaker alizaliwa tarehe 15 Julai 1961 huko Longview, mashariki ya Texas. Baba yake aliuza bima, mama yake alikuwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Carson, kusini mwa Los Angeles. Alipokea Oscar miaka mingi baadaye akieleza kwamba utotoni sinema alizionea kwenye kiti cha nyuma cha gari la nyumbani, katika viwanja vile vya Marekani ambako watu hutazama filamu wakiwa ndani ya magari yao. Nilipoyasikia maneno hayo nililikumbuka pazia letu la gunia.

Alikuwa mchezaji mzuri wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega ya plastiki, na mchezo huo ndio uliompatia nafasi ya masomo katika chuo cha Cal Poly Pomona. Akaumia mgongo. Akahamia muziki, kwa sababu alikuwa na sauti, tena sauti ya tenor, ile ya juu ya wanaume katika opera. Akaenda Chuo Kikuu cha Southern California kusomea uimbaji, na hukohuko akaingia katika mafunzo ya uigizaji. Mtu mwenye mwili wa beki na koo la mwimbaji wa opera, na pumzi aliyofundishwa kuipima. Vitu hivi vitatu utavikuta katika kila kazi yake.

Marekani wana jina la waigizaji wa namna hii. Sisi hatuna, na tunaweza kusema tu kwamba ni wale ambao ukiwaona unasema "huyu namjua", halafu jina halikujii. Sura yao haikai kwenye bango. Wanakuja dakika tano, filamu inasimama juu ya miguu yake, wanaondoka.

Dakika tano za Whitaker ninazozipenda kuliko zote zimo katika The Color of Money ya Martin Scorsese, ya mwaka 1986. Paul Newman ni mzee wa pool, bingwa wa zamani anayejua kila hila ya kuwala watu hela mezani. Anatokea kijana anaitwa Amos. Ni mnene, anaongea kupita kiasi, ana tabasamu la mtu asiyejua thamani ya noti aliyoishika. Anacheza vibaya, kisha vizuri kidogo, kisha anashinda kwa kile kinachoonekana kuwa bahati, na anaomba radhi kwa ushindi wake. Katikati ya mchezo anamuuliza mzee kama anaonekana anahitaji kupungua mwili. Newman anaongeza dau. Anaongeza tena. Polepole uso wa mzee unaanza kubadilika, hadi inambidi aulize wazi kama kijana huyu ni tapeli wa pool. Ameshaliwa.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi nikitafuta mahali Amos anapojisaliti, pale ambapo mjinga anakuwa mjanja. Hapapo. Whitaker hakucheza mjanja anayejifanya mjinga. Amos wake kweli ana wasiwasi na unene wake, kweli anapenda kuongea, na kweli anakula hela za watu. Yote ni yeye. Mwigizaji mwingine angetukonyeza.

Baada ya hapo zikaja nyingi. Platoon, mwaka huohuo. Good Morning, Vietnam mwaka 1987, akiwa askari mpole kando ya Robin Williams anayewaka moto kwenye maikrofoni. The Crying Game ya mwaka 1992, ambamo ni askari wa Uingereza aliyetekwa na IRA, wapiganaji wa Ireland waliopinga utawala wa Uingereza, na kwa muda mrefu amefunikwa kichwa kwa mfuko, hivyo aliyebaki kuigiza ni sauti na kidevu. Anatoka kwenye hadithi mapema, ila filamu nzima inamkumbuka hadi mwisho. Akaongoza filamu pia: Waiting to Exhale ya mwaka 1995, hadithi ya wanawake wanne weusi, ilijaza kumbi za Marekani. Wapo waliosema lafudhi yake ya Kiingereza cha London ilimshinda katika The Crying Game, na wana haki. Nyingine zilikuwa mbaya moja kwa moja, kama Battlefield Earth ya mwaka 2000, ambayo sitamshauri mtu aitafute.

Lakini Ghost Dog ya Jim Jarmusch, ya mwaka 1999, itafute. Jarmusch aliiandika akiwa na Whitaker kichwani. Ghost Dog ni mwuaji wa kukodiwa anayeishi juu ya paa na njiwa wake na kufuata kanuni za samurai wa kale wa Japani. Hazungumzi karibu kabisa. Rafiki yake mkubwa ni muuza aiskrimu, anayechezwa na Isaach de Bankolé wa Ivory Coast, ambaye anajua Kifaransa tu. Ghost Dog anajua Kiingereza tu. Wanasimama kwenye gari la aiskrimu, kila mmoja anasema kwa lugha yake, na mara kwa mara, bila kujua, wanasema jambo lilelile. Mimi niliyekulia kwenye kibanda ambako sinema yote ilipita kwenye mdomo wa mtu mmoja aliyesimama kando ya deki, sehemu hiyo inanigusa mahali pake.

Sasa Amin.

Kwa Mtanzania wa rika la wazazi wangu, Idi Amin alikuwa na cheo kimoja, nduli. Mwishoni mwa 1978 majeshi yake yalivuka mpaka yakaingia Kagera, na Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Baba Mkubwa wangu, kaka yake baba, alichukuliwa kutoka mgambo wa kijijini huko Misungwi. Alivuka Mutukula kwa miguu, akapita Masaka, akaingia Kampala Aprili 1979. Alirudi na redio moja na kikohozi, na kuhusu safari ile alisema machache sana. Sisi watoto tulimjua Amin kwa nyimbo na kwa mzaha. Alikuwa adui wa sinema: mkubwa, mjinga, wa kuchekwa. Sikuwahi kujiuliza iweje basi watu wa Kampala walijaa barabarani kumshangilia Januari 1971 alipompindua Obote.

The Last King of Scotland ilitoka mwaka 2006, ikiongozwa na Kevin Macdonald na kupigwa Uganda kwenyewe. Whitaker alikwenda kumtafuta Amin kama alivyomtafuta Parker. Alikutana na ndugu zake, majenerali wake, mawaziri wake. Alisikiliza kanda za hotuba. Aliongeza mwili. Alijifunza kupiga kodiani, kwa sababu Amin alipiga kodiani. Na alijifunza Kiswahili.

Hapo ndipo nasema nina deni kwake. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi Uganda tangu ukoloni, na Amin, mtu wa kabila la Wakakwa aliyeingia jeshini kijana, alikulia ndani ya Kiswahili hicho cha kambini. Mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwigizaji mwingine angefundishwa lafudhi ya Kiingereza "ya Kiafrika" na kazi ikaisha. Whitaker aliingilia mlango wa nyuma: alitafuta lugha ambayo mtu huyu alikuwa anakasirika nayo, kisha akaacha Kiingereza chake kipite juu yake. Ndiyo maana katika filamu Kiingereza cha Amin kinatembea kwa mwendo wetu, kila neno likipewa nafasi yake kamili, na hasira ikija haiji kwa kasi, inakuja kwa uzito.

Tazama pale barabarani mwanzoni. Gari la Amin limegonga ng'ombe, mkono wake umeumia, na daktari kijana, James McAvoy, anaitwa kuufunga. Ng'ombe analia. Daktari anachukua bastola ya Amin mwenyewe na kumpiga risasi mnyama. Askari wote wanainua bunduki. Uso wa Amin unapita hasira, mshangao na udadisi ndani ya pumzi mbili, na aliposikia kwamba kijana si Mwingereza bali Mskoti, unafunguka kama dirisha. Anavua shati lake la kijeshi na kulibadilisha na fulana ya kijana iliyoandikwa Scotland. Anacheka. Hapo ukumbini unacheka naye, umeshampenda, na umeshachelewa.

Baadaye, baada ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972 na dunia kumgeuka, anamlaumu daktari kwamba ilimpasa amwambie asifanye vile. Daktari anasema nilikwambia. Amin anajibu kwamba ndiyo, uliniambia, ila hukunishawishi. Whitaker analisema hilo kwa uchungu wa kweli, kama mtoto aliyeonewa, na ndipo nilipoelewa jambo ambalo nyimbo zetu za shuleni hazikuwahi kunieleza. Mtu huyu hakuwa mjinga. Alikuwa na haja isiyo na mwisho ya kupendwa, na jeshi mkononi.

Filamu yenyewe ina dosari zake, na kubwa ni kwamba daktari yule ni wa kubuni, ametoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, na Waganda wanabaki pembeni katika msiba wao wenyewe. Hadithi inaishia kwenye mkasa wa ndege iliyotekwa na kupelekwa Entebbe, katikati ya mwaka 1976, miaka miwili kabla ya Kagera, kwa hiyo Baba Mkubwa na wenzake hawamo. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Kwa hesabu zetu za kibandani staringi ni McAvoy, ndiye tunayemfuata mwanzo mwisho. Lakini tarehe 25 Februari 2007 Oscar ya mwigizaji mkuu wa kiume ilikwenda kwa Whitaker. Wanaume weusi waliokuwa wameipata kabla yake ni watatu tu: Sidney Poitier, Denzel Washington na Jamie Foxx. Mwenye kibanda wetu angeshangaa: tuzo ya staringi imekwenda kwa adui.

Nilinunua DVD yake kwa machinga na mwaka 2008 nikaipeleka Misungwi. Baba Mkubwa aliitikia shikamoo yangu, akauliza ni sinema ya nini, nikamwambia. Alinyamaza, kisha akasema haya, weka. Alikaa kwenye kigoda, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Sehemu ya ng'ombe ilipofika na Amin akacheka, aliinua mkono.

"Rudisha hapo, mwanangu."

Nikarudisha. Safari hii alifumba macho. Akaniomba nirudishe tena, akasikiliza tena akiwa amefumba macho.

"Tulikuwa tunamsikia Redio Uganda," alisema. "Kabla ya vita. Anahutubia, halafu anacheka hivyo. Huyu ni mtu wa wapi?"

"Mmarekani, Baba Mkubwa. Wa Texas."

"Nani alimfundisha kucheka vile?"

Sikuwa na jibu. Tulitazama hadi mwisho, na usiku ule, kwa mara ya kwanza, alinisimulia Masaka. Aliyoniambia ni yake, sitayaandika hapa. Ila alizungumza hadi taa ya chemli ikaanza kufifia.

Whitaker hakuondoka Uganda moja kwa moja. Kati ya Waganda waliocheza katika filamu ile alikuwemo Okello Kelo Sam, mwanzilishi wa Hope North, shule ya kaskazini iliyowapokea vijana waliotekwa na kulazimishwa kuwa askari katika vita vya Joseph Kony. Whitaker alikwenda, akakaa nao, na nyuzi hizo hazikukatika. Mwaka 2011 akawa balozi wa hiari wa UNESCO, mwaka 2012 akaanzisha taasisi yake ya amani na maendeleo, ambayo inafundisha vijana usuluhishi na biashara ndogondogo Uganda, Sudan Kusini na kwingineko, zikiwemo kambi za wakimbizi kama Kiryandongo. Mwaka huohuo alitoa sauti ya msimulizi katika Rising from Ashes, filamu ya kweli kuhusu timu ya baiskeli ya Rwanda. Kampuni yake ndiyo iliyosimama nyuma ya Fruitvale Station, filamu ndefu ya kwanza ya Ryan Coogler, na miaka mitano baadaye Coogler akamweka katika Black Panther kama Zuri, mzee anayetunza siri. Cannes walimwita tena mwaka 2022 kumpa Palme d'Or ya heshima, miaka 34 baada ya Bird.

Lakini kazi ninayoiweka kando ya Amin ni The Butler ya Lee Daniels, ya mwaka 2013. Imechukuliwa kutoka maisha ya Eugene Allen, aliyehudumu Ikulu ya Marekani kuanzia 1952 hadi 1986. Katika filamu anaitwa Cecil Gaines, mtoto wa mashamba ya pamba ya Georgia. Kazi yake ni kuwa chumbani bila kuwemo chumbani. Marais wanajadili hatima ya weusi wenzake, yeye anamimina chai. Rais Eisenhower anachezwa na Robin Williams, yule wa Vietnam, na kwa anayewakumbuka wawili hao vijana mwaka 1987 inatosha kumwona Whitaker akiingia na trei.

Amin alijaza chumba hadi wengine wakakosa hewa. Cecil anaufunga mwili uleule mkubwa kama mwavuli. Viwiko viko mbavuni, nyayo hazilii, uso umewekwa kando kama vazi la nyumbani. Anapotoka jikoni na kuwa na watumishi wenzake, mabega yanashuka kwa kiasi cha kidole kimoja, na mtu mwingine anatokea. Hakuna neno lililosemwa.

Hiyo nayo niliipeleka Misungwi, ndani ya kompyuta mpakato. Baba Mkubwa alikuwa amezeeka, sasa anatembea na mkongojo, kikohozi ni kilekile. Nilimwambia nimemletea yule Mmarekani wake wa kicheko. Alitazama kimya nusu saa, kisha akanigeukia.

"Umekosea. Huyu si yule."

"Ndiye, Baba Mkubwa."

"Yule namjua. Huyu ni mtu mwingine, mnyonge, mtu wa heshima zake."

Nikasimamisha picha pale Cecil anaposimama ukutani akingoja kuitwa. Nikaweka kidole kwenye skrini, kwenye jicho la kushoto, pale kope liliposhuka. Baba Mkubwa alitafuta miwani yake mfukoni, akaivaa, akausogeza uso hadi mwanga wa kompyuta ukammulika mashavuni. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Ndiye," alisema. "Sasa kile kicheko amekiweka wapi?"